Birika la Shangazi Effie na Pumzi ya Mjomba Leander

Kwetu Sculpin Cove, kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya baridi, hakuna anayebisha hodi. Ukibisha hodi, walio ndani hutazamana na kuulizana nani amekufa. Wewe fungua mlango. Kung'uta theluji kwenye buti, tupa koti lako kwenye kiukumbi cha mlangoni, ingia jikoni, keti. Hutaulizwa umefuata nini. Utaulizwa vijiko vingapi vya sukari.

Nyumba iliyoongoza kwa jambo hilo ilikuwa ya Shangazi Effie Rideout. Effie alikuwa na masikio ya sungura. Akisikia buti kwenye ngazi za nje, tayari amebonyeza birika la umeme. Mgeni akifika mezani, maji yanachemka. Chai nyeusi kama lami, maziwa ya kopo, mkate mdogo wa zabibu. Kukataa hakuruhusiwi. Hayward Snook, jirani wa upande wa pili wa njia, hakuwa amenunua majani ya chai tangu mkewe afariki. Hakuona sababu.

Mume wa Effie alikuwa Mjomba Leander. Kwetu kila mzee ni Mjomba au Shangazi, damu iwepo isiwepo. Leander alivua samaki mpaka mapafu yake yakamwambia basi. Sasa alipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni. Mashine ilikaa chumbani, mbali na moto, ikinguruma kama paka aliyeshiba. Kutoka hapo mpira mwembamba ulitambaa sakafuni hadi jikoni, hadi puani mwake. Wageni waliuruka mpira ule bila hata kuutazama. Aliyeukanyaga aliona mkono wa Leander ukiinuka polepole, kama wa askari wa barabarani, naye akainua mguu.

Leander alikaa dirishani. Dirisha lilitazama ghuba. Aliona nani amefunga boti yake vizuri na nani ameifunga kama kamba ya kiatu. Aliwatolea maoni wote. Mgeni akiingia, alipata chai kwa Effie na habari za aibu ya jirani kwa Leander. Watu walikuja kwa vyote viwili.

Mwezi wa kumi, mtu alibisha hodi.

Effie na Leander walitazamana. Alikuwa Nesi Ludlow kutoka zahanati ya mji wa jirani. Nesi Ludlow alikuwa mtu mwema lakini alikulia mjini, na hodi zilikuwa hazijamtoka. Aliketi, akanywa chai, kisha akauliza swali moja. Umeme ukikatika wakati wa tufani ya theluji, Mjomba Leander ataweza kukaa saa ngapi?

Leander alisema inategemea.

Nesi alisema jibu hilo halimsaidii. Gari la wagonjwa haliwezi kufika Sculpin Cove mpaka greda lisafishe barabara. Siku mbaya, kazi hiyo huchukua muda wa saa nane. Kwa hiyo nyumba lazima iweze kumpa Leander hewa kwa saa nane bila umeme wa nguzo. Mtungi mmoja wa oksijeni wa dharura wanao, na kwa kiwango alichoandikiwa na daktari, mtungi huo hudumu saa nne na nusu. Zilizobaki zitatoka wapi? Kama hawana jibu, Leander atahamia mjini, kwenye nyumba ya wazee iliyo karibu na hospitali, mpaka theluji iyeyuke.

"Mjini nimekwenda mara mbili," alisema Leander. "Mara zote mbili walinipasua."

Nesi alicheka, lakini swali hakuliondoa mezani.

Mtoto wao, Garfield, ambaye sote tunamwita Garf, alikuwa nyumbani wakati huo. Garf alifanya kazi mbali sana magharibi, kwenye visima vya mafuta. Alikaa huko wiki tatu, akarudi nyumbani kidogo, akaondoka tena. Vijana wengi wa kwetu wanaishi hivyo, mguu mmoja uko kwenye ndege. Jenereta ilikuwapo kwenye banda. Lakini kuiwasha kulitaka mikono yenye nguvu, na wakati wa tufani banda lenyewe hufunikwa na theluji. Kuileta ndani ya nyumba ni mwiko, maana moshi wake huua watu kimyakimya. Basi Garf alinunua betri ya akiba. Ilikuwa sanduku jeusi lenye mpini, zito kama nguruwe. Unalichaji ukutani umeme ukiwapo. Ukikatika, unachomeka kifaa chako kwenye sanduku.

Ubavuni mwa sanduku palikuwa na namba kubwa nyeupe: 2000. Namba ile ungeweza kuisoma ukiwa ghuba ya pili. Nyuma ya mashine ya oksijeni kibandiko kilisema inatumia wati 300. Garf aligawanya elfu mbili kwa mia tatu. Alipata saa sita na zaidi. Ukijumlisha na mtungi, alisema, Baba anafikisha saa kumi na bado anabaki na hewa ya kupiga mluzi. Alilichaji sanduku, akaliweka kwenye kiukumbi cha mlangoni kwa sababu mama yake hakulitaka kwenye sakafu yake mpya, akapitisha waya chini ya mlango. Kisha akapanda ndege.

Tufani ya kwanza ilikuja mwezi wa kumi na moja. Umeme ulikatika baada ya chakula cha mchana. Shangazi Effie alichomeka mashine kwenye sanduku kama alivyofundishwa. Mashine ilianza kunguruma. Leander aliinua kidole gumba. Effie aliwasha taa ya jikoni kwa umeme wa sanduku, kwa sababu umeme upo na giza la tufani halipendezi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa wema mtupu. Dirisha la Rideout lilikuwa ndilo pekee lenye mwanga Sculpin Cove nzima. Kwetu, dirisha likiwaka wakati wa tufani, maana yake ni njoo. Watu walikuja. Walikuja na simu zao za kuchaji, na watoto wao, na njaa yao. Hayward Snook alikuwa wa kwanza, na hakuna aliyeshangaa. Walitupa makoti yao kwenye kiukumbi kama kawaida, juu ya sanduku jeusi. Runinga iliwashwa ili wasikie habari za hali ya hewa. Hali ya hewa yenyewe ilikuwa inagonga dirisha, lakini walitaka kuisikia pia.

Na kila buti lililogonga ngazi, Effie alibonyeza birika la umeme. Alikuwa na fahari. Cove nzima haina umeme, na yeye anachemsha maji kwa dakika tano.

Sanduku lilikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha chaji iliyobaki. Hakuna aliyekiona. Kilikuwa chini ya makoti kumi.

Baada ya saa mbili hivi, taa ilizimika. Runinga ilizimika. Watu waliguna. Kisha waligundua kilichokosekana. Mngurumo wa chumbani ulikuwa umenyamaza.

Leander alishika mikono ya kiti chake. Hakusema kitu, na Leander kutosema kitu kuliwaogopesha kuliko chochote. Marina Penney, mmoja wa majirani, aliyekuwa akinywa kikombe chake cha tatu, aliruka mpira, akaukokota mtungi wa dharura kutoka kabatini, akafungua valvu, akabadilisha mpira. Leander alivuta hewa. Baada ya muda rangi ilirudi midomoni mwake.

"Marina," alisema, "umemwaga chai."

Umeme ulirudi mshale wa mtungi ukiwa unalala kwenye nyekundu. Watu waliondoka. Wengine waliaga, jambo ambalo kwetu halifanyiki sana.

Habari zilifika zahanati kabla ya greda. Nesi Ludlow alipiga simu. Hakugomba. Alisema kitanda cha mjini kimeshawekwa kando kwa ajili ya Mjomba Leander. Yeye mwenyewe atawatembelea baada ya wiki mbili. Wakiwa na hesabu ya kweli ya saa nane, kitanda atapewa mwingine. Wasipokuwa nayo, Leander afungashe nguo.

Garf naye alipiga simu kutoka magharibi. Alikuwa na hasira na sanduku. Lilikuwa bovu, alisema. Limeandikwa elfu mbili na limekufa kwa saa mbili. Mama alirudishe dukani.

Effie angelirudisha, kama si Marina kuingia asubuhi ile.

Marina Penney alikuwa fundi umeme wa kivuko kinachovusha magari kwenda visiwani. Wiki moja alikuwa majini, wiki moja nyumbani. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono myepesi. Aliingia, akaketi, na Effie akaenda kubonyeza birika. Marina akamwambia leo asibonyeze kwanza.

Effie aligeuka polepole. Katika maisha yake yote hakuwahi kuambiwa neno hilo na mgeni.

"Unaumwa?" aliuliza.

Marina alisema haumwi. Aliomba sanduku liletwe jikoni. Alifuta vumbi la ubavuni, kisha akauliza kama kuna mtu mwenye miwani. Chini ya ile namba kubwa kulikuwa na maandishi madogo kama miguu ya sisimizi. Leander alivaa miwani, akasoma: wati-saa 1500.

"Sasa, Mjomba," alisema Marina, "unajuaje kuni zako zitafika mwezi wa tano?"

Leander alimtazama kama aliyeulizwa anavyovaa soksi. Alisema unatazama rundo, halafu unatazama jiko. Rundo kubwa na jiko lenye uchu, utaishia mwezi wa tatu. Rundo dogo na jiko lenye adabu, utafika. Na lazima utoe kuni mbichi, maana hizo zinatoa moshi tu. Na za mwisho kabisa usizihesabu, huwezi kujua majira yatakuwaje.

"Basi betri unaijua tayari," alisema Marina. "Namba kubwa si rundo. Namba kubwa ni upana wa mlango wa jiko. Inakwambia sanduku linaweza kusukuma nguvu kiasi gani kwa mara moja. Rundo ni hii ndogo. Wati ni kasi ya kula. Wati-saa ni chakula chenyewe."

Kosa la Garf hulifanya wengi, Marina aliongeza. Mwenye kiwanda ameandika kwa herufi kubwa kile anachojivunia, na kwa herufi ndogo kile unachokihitaji.

Kando ya kiti cha Leander kulikuwa na ndoo ya vijiti vya kuwashia moto. Kuchanja vijiti ilikuwa kazi ambayo bado aliiweza akiwa ameketi. Marina alichukua vijiti kumi na vitano, akavipanga mezani. Kila kijiti ni wati-saa mia moja, alisema. Rundo zima ni hili.

Kisha akaondoa viwili na kuviweka pembeni. Hivi ni moshi, alisema. Umeme wa betri hubadilishwa ndani ya sanduku ili ufanane na wa ukutani, na katika kubadilishwa huko sehemu hupotea kama joto. Ukitoa kama kumi na tano katika kila mia, hutakosea sana. Vimebaki kumi na vitatu.

"Mashine yangu inakula mia tatu," alisema Leander.

"Kwa saa moja, vijiti vitatu."

Leander alivuta vijiti vitatu. Kisha vitatu. Kisha vitatu. Kisha vitatu. Kilibaki kijiti kimoja mezani.

"Saa nne," alisema. "Na kimoja cha mwisho ambacho hatukihesabu."

Nne si sita. Lakini nne na mtungi wa nne na nusu ni nane na nusu. Leander aliona hilo kabla ya wengine. Alitazama ghuba, akakohoa, akajifanya hajafurahi.

Effie hakuridhika. Kama ni saa nne, aliuliza, mbona juzi zilikuwa mbili? Nani kala zile nyingine?

Marina alijikuna shingo. Alilitazama birika la umeme lililong'aa juu ya meza ya jikoni. Alisema vifaa vinavyotoa joto ndivyo vyenye uchu kuliko vyote. Birika, kikaango cha umeme, hita, kikausha nywele. Birika hili linakula wati elfu moja na mia tano. Lingewaka saa nzima, lingekula vijiti kumi na vitano, sanduku lote. Haliwaki saa nzima. Linawaka dakika tano. Kwa dakika tano linakula kijiti kimoja na robo.

"Kijiti kimoja ni nini?" alisema Effie. "Kitu kidogo hivyo."

"Kijiti kimoja ni dakika ishirini za Mjomba," alisema Marina. "Birika moja, dakika ishirini na tano."

Effie aliketi.

Alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Moja alipofika Hayward. Moja walipofika akina Snook wengine. Moja la watoto, la kakao. Moja la Hayward tena. Mabirika manne. Marina alivuta vijiti vitano, akaviweka mbele ya birika. Kimoja aliweka mbele ya runinga, hicho kikiwa cha runinga, taa na zile simu zote. Kimoja alikiweka mlangoni, akasema hicho ni cha baridi. Betri ikikaa kwenye baridi kali hutoa pungufu, na ikiwa imeganda haifai kuchajiwa kabisa. Tena haipendi makoti juu yake. Ina feni na inataka kupumua kama mtu mwingine yeyote.

Moshi viwili, birika vitano, runinga kimoja, baridi kimoja. Mbele ya Leander vilibaki sita. Leander aligusa vijiti sita kwa kidole. Saa mbili.

"Sanduku si bovu," alisema Marina. "Lilikuwa na wageni. Na mmoja wao ni mimi, Shangazi. Fundi umeme mzima, nimekaa hapa nakunywa pumzi ya Mjomba na maziwa ya kopo."

Leander akacheka, akakohoa, na wakamsubiri amalize.

Hesabu ilikuwa imepatikana. Lakini shida haikuwa hesabu. Marina alisema njia ni rahisi: tufani ikija, wageni wasiingie, au waingie wasipewe kitu. Effie alisema mama yake mzazi angetoka makaburini kumkana. Leander alisema jambo jingine, na alilisema akitazama nje.

"Nataka kubaki hapa kwa ajili ya mlango huo. Ukifungwa, nipelekeni mjini tu. Ni mamoja."

Marina aliondoka bila chai. Effie alipika samaki wa chumvi na viazi bila kupiga kelele na sufuria, dalili kwamba anafikiri.

Chumba cha chini cha nyumba kilikuwa na jiko la kuni lililopasha nyumba nzima. Zamani Effie alichemsha maji juu yake. Magoti yalipoanza kumkatalia ngazi, Garf alimletea birika la umeme kama zawadi ya Krismasi. Birika la zamani, la chuma, liligeuzwa kazi. Lilizuia mlango wa chumba cha chini usijifunge.

Kesho yake Effie alilisukuma birika la chuma kwa mguu mpaka kwenye sinki. Alilisugua mpaka mikono ikawa myekundu. Hayward Snook alipoingia na kukaa, aliwekewa birika la chuma mapajani, limejaa maji.

"Umeme ukiwapo, nakuchemshia mimi," alimwambia. "Bila umeme, unashuka mwenyewe. Ukishuka, shuka na gogo moja la kuni. Ukipanda, panda na chai ya wote. Leo tunafanya mazoezi."

Hayward alitazama ngazi. Alitazama birika. Alisema yeye ni mgeni.

"Mgeni wa miaka thelathini," alisema Leander. "Shuka."

Siku iliyofuata, hali ya hewa ikiwa tulivu na umeme upo, walilipima sanduku. Marina alisisitiza jambo hilo. Hesabu ya mezani ni kukisia, alisema, na kukisia lazima kupimwe siku ambayo kukosea hakumuumizi mtu. Sanduku lilihamishiwa jikoni, kwenye kona kavu, mbali na maji na bila koti juu yake. Lilichajiwa mpaka likajaa. Mtungi uliwekwa karibu. Mashine ya oksijeni ilichomekwa kwenye sanduku, na kitu kingine chochote hakikuchomekwa. Kiwango cha hewa hawakukigusa, maana hicho ni cha daktari na nesi, si cha fundi umeme.

Leander alitega saa ya ukutani na kukazia macho kioo cha sanduku. Aliacha hata kutazama boti. Baada ya saa moja, kioo kilisoma sabini na saba katika mia. Alisema kila saa inakula robo kasoro kidogo. Alitabiri hamsini na nne kwa saa inayofuata. Ilikuwa hamsini na tatu. Alinung'unika kuhusu hiyo moja kama aliyeibiwa. Saa nne zilipotimia kulikuwa kumebaki saba. Walirudisha mashine ukutani na kulichaji sanduku tena.

Effie alimpigia Garf simu, akamwambia sanduku halirudi dukani. Lina saa nne, si sita. Garf aliuliza nani amesema. Effie alimjibu kwamba ni baba yake, na vijiti.

Nesi Ludlow alikuja. Alibisha hodi. Aliuliza swali lile lile. Leander alimjibu kwamba sanduku ni saa nne zilizopimwa, mtungi ni saa nne na nusu, jumla ni nane na nusu. Mashine pekee inachomekwa. Taa ni tochi ya mkononi. Simu moja tu inachajiwa, ya kuitia msaada. Hayward anavutia kiko chake nje na si popote penye oksijeni. Betri huchoka kwa miaka, kwa hiyo kila mwezi wa kumi watalipima upya. Na umeme ukikatika, Effie anapiga simu zahanati hapo hapo, hangoji sanduku lifike chini.

Nesi alisikiliza yote. Kisha akauliza kuhusu wageni.

"Watashuka," alisema Effie.

Nesi hakuelewa, lakini aliona Leander anaelewa. Alisema nusu saa ya ziada ni nyembamba. Ataomba mtungi wa pili. Kwa sasa kitanda cha mjini atakishikilia kwa ajili ya Leander mpaka tufani ya kwanza kubwa ya mwaka mpya. Leander alisema hiyo ni haki.

Tufani hiyo ilikuja mwezi wa kwanza, asubuhi, na ilikuja kwa ghadhabu. Mtungi wa pili ulikuwa bado haujafika. Umeme ulikatika watu wakiwa kwenye uji. Effie alipiga simu zahanati. Leander alitazama saa ya ukutani na kusema sanduku litafika mchana. Mwanga wa tochi dirishani ulitosha. Watu walikuja.

Hayward aliingia, akatundika koti lake kwenye msumari, akaketi. Alitazama birika la umeme. Waya wake ulikuwa umeviringwa na kufungwa kwa uzi wa nyavu, fundo la Leander, lisilofunguka kirahisi. Effie alielekeza ngazi kwa kidevu. Hayward alichukua gogo, akashuka akilalamika. Alipanda na birika la chuma likifuka mvuke. Alimimina vikombe vyote, na cha kwanza alimpa Effie.

Effie alikishika kwa mikono miwili. Hakuna aliyewahi kummiminia chai jikoni kwake. Alionja.

"Nyepesi," alisema. Lakini alimaliza.

Saa nne zilipofika, sanduku lilikuwa na nane katika mia. Leander mwenyewe alisema ni wakati. Marina alifungua mtungi, akabadilisha mpira, na mazungumzo hayakukatika. Walikuwa wanabishana kuhusu boti ya nani imezama kwa uzembe. Leander alishinda kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa dirishani. Mshale wa mtungi ulishuka taratibu. Kila mtu alijua mahali ulipo, na hakuna aliyeuogopa.

Baada ya saa saba hivi tangu umeme ukatike, taa za greda zilionekana kilimani, na nyuma yake taa za gari la wagonjwa. Mtungi ulikuwa umebaki theluthi.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Nesi Ludlow aliingia jikoni moja kwa moja, theluji kifuani, macho yakimtafuta Leander.

"Funga mlango," alisema Leander. "Baridi inakula betri."

Nesi alifunga. Alimtazama midomo, alitazama mshale, alitazama saa ya ukutani. Kisha akavuta kiti, akaketi, na hakusema lolote kuhusu kitanda cha mjini. Alikaa akisubiri kidogo, kama mtu anayesubiri kitu kilichozoeleka.

"Chai iko chini, mwanangu," alisema Effie. "Shuka na gogo."